Kaka wa Uzi

Kasanga,
24 Agosti 2024

Nimu wangu,

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako haina siri. Mara ya mwisho nilikutumia neno moja tamu, na yule mtoto wa kaka yako akalisoma kwa sauti mezani, wewe mwenyewe ulinisimulia. Barua hii ataileta Lwitiko wa basi mpaka dukani kwako. Mpe chai, anajitahidi.

Uzi bado uko mkononi. Sijauvua tangu Jumatatu ile, hata nikioga nanyanyua mkono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Vijana wa gatini wananicheka, wanasema karani wa mizigo amevishwa hirizi ya Kihindi. Nimewaambia wacheke tu, pilau wataila wao wao.

Nimu, sikutegemea. Miaka miwili nakuja dukani kwako kuchukua dawa za presha za mama, naondoka na dawa na maneno mawili matatu, na kaka yako akinikuta hapo ananitazama kama mtu aliyekuja kuchungulia mahali pa kuvunja. Halafu ghafla ananipigia simu mwenyewe, anasema njoo nyumbani Jumatatu, tuna sikukuu. Nafika, ananikalisha kando yake. Mama yako yupo, wageni wapo, taa ndogo inawaka kwenye sinia. Ukaja na ile sari ya kijani, ukamfunga kaka yako uzi, ukamlisha kitu kitamu. Kisha ukanigeukia mimi. Mikono yako ilikuwa inatetemeka, nikasema moyoni kumbe siko peke yangu. Ukanipaka wekundu kwenye paji la uso, ukanifunga, ukanilisha. Kaka yako akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema, "Leo umekuwa wa nyumba hii." Kwetu mwanamume haambiwi neno hilo bure.

Wewe tu ndiye hukunitazama. Nikajua ni heshima, maana mama yako alikuwa pale.

Nimepita Msanzi kumweleza mama. Amepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Unajua amenizaa mimi peke yangu. Anasema Mungu amemkumbuka, amempa binti uzeeni. Ulezi wa pombe ameshauloweka. Jumamosi ijayo baba mdogo Cleophas anakuja kwenu na jembe jipya limefungwa kwenye kanga ya mama. Mwambie kaka yako asishangae. Kwetu jembe ndilo linaloposa.

Wako,
Wilibrodi


Sumbawanga,
28 Agosti 2024

Wili,

Mzee Cleophas asije. Nakuomba. Msingizie ugonjwa, msingizie safari, sema lolote, lakini asije.

Nina jambo la kukueleza na siwezi kuliandika sasa, mama yangu Ba amekaa hapa dukani ananingoja. Siku hizi ananisindikiza kazini kama mtoto wa chekechea, mimi mfamasia mzima.

Uzi uvue. Usiniulize kwa nini, uvue tu.

Nimu


Sumbawanga,
2 Septemba 2024

Ndugu yangu mpendwa Wilibrodi,

Habari za Kasanga na upepo wa ziwa. Sisi hapa wazima, Ba anakusalimu.

Mzee Cleophas alifika Jumamosi. Mzee mstaarabu sana. Alikunywa chai, akasifu nyumba, akafungua kanga, akatoa jembe na kusema maneno marefu, mengine kwa Kifipa. Nikamjibu kwamba tumelipokea kwa mikono miwili. Aliondoka amefurahi, nami sikutaka kumkatisha furaha yake nyumbani kwangu. Lakini wewe ni kijana msomi, na wewe nataka tuelewane.

Sikukuu ile inaitwa Raksha Bandhan. Dada anamfunga kaka yake uzi, ndiyo rakhi. Kaka anaahidi kumlinda maisha yake yote, na anampa zawadi. Hata mtu asiye wa damu akifungwa, tangu siku hiyo ni kaka kweli kweli, na hawezi kuwa kitu kingine. Nimu alikufunga kwa mkono wake mwenyewe, wote tuliona. Kwa hiyo jembe nimelipokea kama zawadi ya kaka kwa dada yake. Nimeliweka sebuleni, linapendeza.

Usidhani nakubagua. Mimi si mtu wa zamani. Baba alipofariki niliacha shule nikabeba magunia ya mbolea kwa bega langu ili Nimu asome. Nani kati ya watu wetu huku amemfungulia dada yake duka la dawa? Mimi. Lakini Sumbawanga hii tumebaki nyumba chache, unaweza kutuhesabu ukiwa umesimama sokoni. Nina mabinti wawili. Shangazi yao akiolewa nje, hakuna wa kwetu atakayewapigia hodi. Wewe hilo huwezi kulijua. Ningeweza kukufukuza kwa matusi kama wanavyofanya wengine. Mimi nimekupa undugu.

Yupo mtu mwema wa Mwanza, mfanyabiashara, alifiwa na mkewe. Harusi tunaipanga Desemba. Kwetu bibi harusi anapouzunguka moto, kaka ndiye anayemmiminia nafaka viganjani. Sukari imenisumbua miguu, kusimama muda mrefu siwezi. Ningefurahi tukisimama wawili.

Kaka yako,
Kirit


Kasanga,
8 Septemba 2024

Nirmala,

Kumbe.

Barua yako ya kusema mzee asije ilinifikia Jumatatu, mzee ameshakwenda na kurudi. Ya kaka yako ikafuata. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye magunia ya saruji ya Kongo, ikabidi nikae.

Nimevishwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa nikatembea nacho mjini. Siku ile nilitoka kwenu na wekundu usoni, nikapita nao sokoni makusudi, sikuufuta, nikijua watu wanauliza, na nilitaka waulize. Sasa baba mdogo anatangaza kwenye jumuiya kwamba Wahindi wamepokea jembe. Pombe ya mama imeshaiva, watu wamekunywa, wameimba. Niwaambie nini, waitapike?

Nakuuliza jambo moja. Ulijua? Wakati unafunga fundo lile, ulijua unanifanya nini? Kama hukujua, kesho nakuja. Kama ulijua, basi niambie uliwezaje kunilisha ule utamu kwa vidole vyako.

Wilibrodi


Sumbawanga,
12 Septemba 2024

Wili,

Nilijua.

Msichana wa kwetu anajua tangu hajaanza shule. Akionekana anacheka sana na kijana wasiyemtaka, hakuna anayegomba, hakuna anayepiga. Wanangoja sikukuu, kijana anaalikwa, msichana anakabidhiwa uzi. Watu wanakula, wanapiga picha. Mlango umefungwa, na mkono uliofunga ni wa msichana mwenyewe, atamlaumu nani? Shangazi zangu walimfanyia hivyo binamu yangu wa Mbeya, akafunga huku anacheka, akaenda kulia chooni. Nilikuwa mdogo, nikadhani anaumwa tumbo.

Sikujua kama umealikwa. Nilitoka jikoni na sinia nikakuona umekaa pale na shati lako la misa. Kirit akasema mbele ya wageni, "Nimu, leo una kaka wawili." Nafasi ya kukataa ilikuwepo, Wili, sitakudanganya. Ningeangusha sinia tu, basi. Lakini Ba alikuwa ananitazama, mke wa Kirit alikuwa ameshajua, na kukataa kukufunga ni sawa na kusimama katikati ya sebule nikatangaza kwamba nakutaka. Nikaogopa nikafunga. Halafu wewe ukatabasamu kama mtu aliyekubaliwa, nikaona hukuelewa kitu, na nikatamani ardhi inimeze.

Kila mwaka namfunga Kirit, kila mwaka anaahidi kunilinda. Sijawahi kumwuliza ananilinda na nani. Katika mji huu hakuna mwanamume aliyewahi kunikosea adabu. Anayeniziba njia ni mlinzi mwenyewe. Na mimi ndiye ninayemchoma sindano ya sukari kila asubuhi kabla sijafungua duka, mimi ndiye ninayemfunga vidonda vya miguu. Namlinda kila siku ya Mungu, na kwa hilo hakuna aliyewahi kunifunga hata kamba ya viatu. Wengine siku hizi wanafungana wote, kaka kwa dada, dada kwa kaka. Nilimwambia Kirit mwaka juzi, akacheka sana, akasema kwani utanilinda wewe, na nini, na panadoli?

Sasa nisikilize. Ni pamba tu ile, Wili. Ukate. Mimi sijawahi kuwa dada yako na sitakuwa. Nenda kwa padri wako umwulize, na akikataa tutakwenda bomani, kule hawaulizi nani kamfunga nani uzi. Nina kazi yangu, chumba nitapanga Kizwite. Huyo wa Mwanza niachie mimi, nitamrudisha mwenyewe alikotoka. Wewe njoo tu. Njoo ukiwa na mkono mtupu.

Nimu


Msanzi,
20 Oktoba 2024

Nirmala,

Samahani nimechelewa. Najua ulikuwa unangoja.

Nilikwenda kwa padri. Alicheka kidogo, akasema uzi si kizuizi cha ndoa. Kwa kuwa wewe si Mkristo yapo makaratasi ya kuomba ruhusa, ila uzi, hapana, niutupe. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nikaja moja kwa moja Msanzi kumweleza mama yote, nikidhani naye atacheka.

Hakucheka. Akaniuliza kama nilikula kutoka mkononi mwako, nikasema nilikula. Akauliza kama moto ulikuwepo, nikasema taa ilikuwa inawaka. Akauliza, "Ukaitwa kaka mbele ya mashahidi, ukanyamaza?" Sikuweza kumdanganya mama yangu, nilisikia, nikadhani ni neno la heshima tu. Akasema hivyo ndivyo wazee walivyokuwa wakichanjana damu, hakuna tofauti, na mtu haoi dada yake, atazaa watoto wa kuzika. Padri hakuzaliwa huku, akasema, hayajui haya. Na jembe lenyewe limepokelewa kwa jina hilo hilo. Baba mdogo akatikisa kichwa, akakubaliana naye.

Nimebishana nao, Nimu. Nimesema ni mambo ya Wahindi, sisi hayatuhusu. Mama akasema basi kwa nini ulikwenda kukaa kwenye mkeka wao? Mimi mwenyewe siamini yote. Naamini nusu, na hiyo nusu inanitosha kuogopa.

Mama hajakuchukia. Analia. Amenikataza kuukata uzi, anasema ukikatwa madhara yatakupata wewe, si mimi. Kwa hiyo bado ninao.

Kaka yetu ameniandikia tena. Anasema yule mtu wa Mwanza ni mpole, hanywi, na hakukatazi kufanya kazi. Labda ungemsikiliza.

Wilibrodi


Sumbawanga,
25 Oktoba 2024

Wilibrodi,

Kaka yetu?

Nimeisoma barua yako mpaka hapo tu, sikuendelea. Kirit alinitega kwa ujanja wake, nikamwelewa, ana mabinti, ana hofu zake. Wewe umekabidhiwa mtego uliokunasa wewe mwenyewe, na sasa unaushika upande wa pili ili nisitoke. Padri amekufungulia mlango, ukarudi kuuliza kama uko wazi.

Usiseme unanilinda na madhara. Mwanaume wa pili huyu ananilinda mwaka huu, nimechoka kulindwa.

Nirmala


Sumbawanga,
1 Agosti 2025

Nimu,

Tarehe tisa ni sikukuu. Tangu Desemba hujakanyaga hapa. Yule mgeni alitoka Mwanza na ndugu zake, ukamwambia kwa mdomo wako, sebuleni, kwamba wewe moyo wako uliposwa kwa lile jembe lililoegemea ukutani. Ukachukua sanduku ukaenda Kizwite. Nimeyameza hayo. Watu wamenicheka na nimeyameza.

Ba haongei mezani. Mabinti wanakuuliza. Siku ya sikukuu watu watauona mkono wangu mtupu, wataniuliza dada yako kafa? Niwajibu nini?

Njoo ufunge tu, ule, uondoke. Sitasema neno. Sindano siku hizi nachomwa na kijana wa zahanati, mkono wake mzito.

Kirit


Kizwite,
4 Agosti 2025

Kiritbhai,

Sitakuja.

Huyo kijana nimeshaongea naye, nimemwonyesha abadilishe upande kila siku, na asikuchome mahali pale pale penye uvimbe. Dawa za mwezi huu nimempa Lwitiko azilete. Punguza wali. Viatu vya wazi usivae, kidonda kikianza niambie siku hiyo hiyo, usisubiri mpaka kinuke.

Usinihesabie magunia tena. Uliyabeba, najua, nayakumbuka mabega yako. Nilikushukuru kila mwaka kwa uzi na kwa miguu yako niliyoiosha. Lakini ulinisomesha ili uwaambie watu umesomesha. Ulipofika mlango mmoja tu niliotaka kupita kwa akili yangu mwenyewe, ukaugeuza mkono wangu kuwa kufuli. Na ukaita sikukuu.

Wakikuuliza mkono mtupu ni wa nini, waambie ukweli, wale wale wageni, sebuleni kwako. Siku utakayonifunga mimi uzi, ukaahidi kuniacha nipite, siku hiyo nitakuja na nitapika mwenyewe.

Na jembe langu nirudishie. Halikuwa zawadi.

Nimu


Msanzi,
14 Septemba 2025

Dada Nirmala,

Salamu kutoka Msanzi. Mama anakushukuru kwa dawa ambazo hujaacha kumtumia. Presha yake imeshuka.

Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Mwezi wa kumi nafunga ndoa hapa parokiani. Ni Hilaria, mwalimu, binti wa jirani zetu. Ni mtu mwema, anajua habari yote, nimemweleza kwamba ninaye dada wa uzi Sumbawanga.

Kuna jambo mama amelisema na mimi nimeshindwa kulikataa. Bibi harusi akifika nyumbani kwa mume, dada wa bwana harusi ndiye anayempokea mlangoni na kumkabidhi jembe. Kama unavyojua, mama hakunizalia dada. Anasema wa kusimama pale ni wewe, hakuna mwingine, na ukija ndipo ataamini kwamba umetusamehe.

Nitaelewa ukikataa.

Kaka yako,
Wilibrodi


Kizwite,
21 Septemba 2025

Kaka Wilibrodi,

Nitakuja.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Kwanza nilicheka, wateja wakadhani nimepata habari njema. Kirit aliwahi kukuita usimame kwenye harusi yangu, unimiminie nafaka viganjani, na wewe ulikasirika mpaka ukakaa chini. Sasa wewe unaniita mimi. Umejifunza undugu haraka.

Jembe msinunue, ninalo. Kirit alilileta mwenyewe mwezi uliopita, alikuja anachechemea, akaliweka mlangoni akaondoka bila kuingia. Bado limo kwenye kanga ya mama yako. Sijalilimia. Nilifikiri nitapanda mboga, nikashindwa kulitia udongo. Nitampa Hilaria mkononi na nitamwita wifi kama inavyotakiwa, kwa sauti, mama yako Rozina asikie, mzee Cleophas asikie, maana yeye ndiye aliyelileta kwetu na anastahili kuona limefika wapi. Huyo binti hajanikosea chochote. Nitamwuliza pembeni kama ana kaka, na kama anao nitampa pole.

Sasa na mimi nina langu. Kwa desturi yetu kaka aliyefungwa anadaiwa zawadi, na ile iliyopokelewa kwa jina lako nakurudishia siku hiyo. Badala yake nataka hii. Nikishamkabidhi mkeo jembe, kunja mkono wa shati, na ukate uzi hapo hapo, mbele ya mama yako na watu wote walioinywa ile pombe. Umeuvaa kwanza kwa kunipenda, kisha kwa kuniogopea, na mara zote mbili hukuniuliza.

Mama alisema ukikatwa, madhara yatanipata mimi. Basi yaje. Nitakuwa nimesimama pale pale mlangoni.

Dada yako,
Nirmala